Zote Canon, Mbona Haifungi? Historia ya Lenzi Zilizoachwa Njiani

Kijana mmoja wa Dar, mpiga picha wa sendofu na kicheni pati, aliingia kwenye studio ya mzee mmoja anayepiga picha za pasipoti. Begani alikuwa na Canon EOS 1300D, kamera ya kuanzia ambayo wengi mjini wameanza nayo. Kwenye begi alikuwa na lenzi tatu: 18-55mm iliyokuja na boksi, 50mm f/1.8 aliyoinunua kwa pesa ya harusi mbili, na 75-300mm ya mtumba.

Shida yake ilikuwa moja. Kamera imeshaanza kumkwaza. Ukumbini taa zikipunguzwa picha zinajaa chenga, na wateja siku hizi wanazuum picha kwenye simu kabla ya kulipa hela iliyobaki. Anataka kupanda daraja. Washkaji wamemwambia, "Kaka, uza vyote, anza upya." Ila akipiga hesabu, bodi mpya pamoja na lenzi mpya ni mkwanja wa miezi mingi.

Mzee akamsikiliza, halafu akafungua droo akatoa lenzi ya zamani, ya chuma, nzito, imeandikwa Canon 50mm. "Chukua mwanangu, hii ilinilisha miaka mingi."

Kijana akatoa lenzi yake, akajaribu kuivalisha ile ya mzee. Ikagoma. Akageuza kushoto, akageuza kulia. Ikagoma.

"Mzee, zote Canon. Mbona haifungi?"

Mzee akacheka. "Hilo swali tuliuliza sisi mwaka 1987."

Na hapo ndipo stori ilipo. Kama una kamera ya kuanzia na unajiuliza ukinunua bodi kubwa lenzi zako zitaenda wapi, jibu liliandaliwa Japani kabla wengi wenu hamjazaliwa.

Kwanza, tuelewane kuhusu mdomo wa kamera

Kila kamera inayobadilisha lenzi ina pete ya chuma mbele. Lenzi inachomekwa pale, inazungushwa, inalia tik. Wapiga picha wanaiita maunti. Watu wengi wakinunua kamera wanauliza megapikseli, wanauliza video, wanauliza kama ina Wi-Fi. Maunti hakuna anayeiuliza, wakati ndiyo inayoamua lenzi gani itakaa na lenzi gani itabaki kwenye droo.

Kwenye maunti kuna vitu vitatu vya kuangalia. Cha kwanza ni upana wa tundu. Cha pili ni umbali kutoka kwenye pete hadi kwenye filamu, au kwa kamera za leo, hadi kwenye sensa. Umbali huo ukikosewa hata kidogo, lenzi haiwezi kuweka fokasi ya vitu vya mbali. Cha tatu ni jinsi bodi na lenzi zinavyoongea. Kuna kamera zinazoongea na lenzi kwa vyuma vinavyosukumana, na kuna zinazoongea kwa umeme tu, kupitia vile vidoti vya dhahabu unavyoviona nyuma ya lenzi.

Shika hivyo vitatu. Stori yote iliyobaki inazunguka hapo.

1959: Kampuni iliyokataa kubadilika

Mwaka 1959 Nikon walitoa kamera iliyoitwa Nikon F. Ilikuwa ngumu, ya kazi, na waandishi wa habari wengi waliibeba hadi kwenye vita vya Vietnam. Ilikuja na maunti yake inayoitwa F, na umbali wake ulikuwa milimita 46.5.

Miaka ikapita. Teknolojia ikabadilika, kamera zikaanza kupima mwanga zenyewe. Nikon kila walipotaka kuongeza kitu kipya walikibandika kwenye maunti ile ile. Mwaka 1977 walibadilisha namna lenzi inavyoiambia kamera uwazi wake, mfumo walioupa jina la AI. Lenzi za kabla ya hapo walikubali kuzifanyia marekebisho kiwandani ili mteja asizitupe. Yaani mtu alikuwa anapeleka lenzi yake ya zamani, inabadilishwa pete, inarudi inafanya kazi kwenye bodi mpya.

Kwa mpiga picha wa kawaida huu ulikuwa upendo. Ukinunua lenzi ya Nikon ulijua utazeeka nayo. Bodi ikichoka unanunua nyingine, lenzi zinahamia.

1985: Bomu la otofokasi

Mwaka 1985 kampuni nyingine ya Japani, Minolta, ikatoa kamera iitwayo 7000. Ndani yake kulikuwa na mota ya kuzungusha lenzi ili kamera iweke fokasi yenyewe. Otofokasi ilikuwa imeshajaribiwa na wengine kabla, ila hii ndiyo iliyoingia sokoni ikafanya kazi vizuri na watu wakainunua kweli. Kampuni zote kubwa zikapigwa na butwaa.

Minolta walifanya kitu kimoja ambacho wengi wanakisahau: waliacha maunti yao ya zamani wakaanza mpya. Lenzi zao za zamani zikabaki hazina bodi mpya ya otofokasi ya kuhamia.

Nikon wakajibu mwaka 1986 na kamera ya F-501. Waliweka mota ndani ya bodi, na kwenye maunti ya F ile ile ya 1959 wakatoboa nafasi ya kichuma kidogo kama bisibisi. Kichuma hicho kinaingia kwenye lenzi na kuizungusha. Ilikuwa akili sana, kwa sababu waliingia kwenye otofokasi bila kumwacha mteja wao njiani.

Canon sasa. Canon walijaribu mwaka huo huo wa 1985 na kamera iitwayo T80, wakiwa bado na maunti yao ya FD waliyoianza mwaka 1971. Haikushika. Ilikuwa taratibu na ilikuja na lenzi tatu tu za aina yake. Wahandisi wa Canon wakabaki na swali gumu mezani: tuendelee kushona viraka kwenye FD, au tuchane tuanze nguo mpya?

1987: Siku lenzi zilipoachwa

Mwezi wa tatu mwaka 1987, mwaka ambao Canon ilitimiza miaka 50, wakatoa EOS 650 na maunti mpya kabisa inayoitwa EF. Tundu lake lilikuwa na upana wa milimita 54, kubwa kuliko la Nikon. Mota haikukaa kwenye bodi, ikawekwa ndani ya kila lenzi. Halafu likaja lile kubwa zaidi: vyuma vyote vya kusukumana kati ya bodi na lenzi viliondolewa. Mawasiliano yakawa ya umeme mtupu.

Sasa mpiga picha aliyekuwa amejenga begi lake la FD kwa miaka 16 akaenda dukani na lenzi zake. Haifungi.

Akauliza kama kuna adapta. Hapo fizikia ikamkatalia. Umbali wa FD ulikuwa milimita 42, wa EF ulikuwa 44. Yaani lenzi ya zamani ilitakiwa ikae karibu zaidi na filamu kuliko pete mpya inavyoruhusu. Huwezi kutengeneza adapta yenye unene wa hasi milimita mbili. Njia pekee ilikuwa kuweka kioo cha ziada katikati, na kioo kinabadilisha picha. Canon wenyewe walitengeneza adapta ya namna hiyo, lakini ilikuwa kwa ajili ya baadhi ya lenzi ndefu za maprofesheno. Mtu wa kawaida mwenye 50mm hakupata kitu.

Watu walikasirika. Wapo waliouza vyote wakahamia Nikon, wapo waliobaki na bodi zao za FD mpaka zikafia mikononi. Huyu mzee wa studio alikuwa wa kundi la pili. Kwa mtu anayeishi nchi ambayo miaka ile hata kupata dola za kuagiza kitu nje ilikuwa kazi, kuambiwa "nunua upya" ilikuwa sawa na kuambiwa acha kazi.

Ila kama kampuni, Canon walikuwa wameona mbali. Kwa sababu kila lenzi ilikuwa na mota yake, lenzi kubwa ilipewa mota kubwa na ndogo ikapewa ndogo. Otofokasi ikawa ya haraka na kimya. Miaka ya 1990 pembeni ya viwanja vya mpira, zile lenzi nyeupe za Canon zikawa nyingi kuliko awali. Waliopoteza wateja 1987 walikuwa wanawarudisha mmoja mmoja.

2003: Kamera ya kuanzia inazaliwa, na mtego wake

Kamera za dijitali zenye kubadilisha lenzi mwanzoni zilikuwa za matajiri na magazeti makubwa. Mwaka 2003 Canon wakatoa EOS 300D, megapikseli 6.3, na Marekani bodi yake iliuzwa chini ya dola 1,000. Hapo mlango ukafunguka. Wanafunzi, wapenzi wa picha, watu wa harusi, wote wakaanza kuona inawezekana. Ile 1300D ya kijana wetu, iliyotoka mwaka 2016, ni mjukuu wa kamera hiyo.

Lakini ili bei ishuke, sensa ilifanywa ndogo kuliko fremu ya filamu. Na kwa sensa ndogo unaweza kutengeneza lenzi ndogo na ya bei rahisi. Kwa hiyo 300D ilikuja na lenzi ya aina mpya, EF-S, ile 18-55mm ambayo kila mtu anaijua. Sehemu yake ya nyuma inaingia ndani zaidi ya bodi. Kwenye kamera zenye sensa kubwa, zile za fulu fremu, kioo cha ndani kingeigonga, ndiyo maana Canon waliiunda isifunge kabisa kule.

Alama yake iko wazi, ila watu hawaambiwi. Angalia kwenye shingo ya lenzi yako ya Canon. Ukiona kidoti chekundu, hiyo ni EF, inaenda kwenye bodi zote za EOS zenye kioo, ndogo na kubwa. Ukiona kimraba cheupe, hiyo ni EF-S, ni ya sensa ndogo tu. Kijana alipoangalia begi lake pale studio, 50mm ilikuwa na kidoti chekundu, 75-300mm kidoti chekundu, 18-55mm kimraba cheupe.

Maana yake ni hii. Washkaji waliomwambia uza vyote walikosea kwa lenzi mbili kati ya tatu. Akinunua 6D au 5D ya mtumba, 50mm na 75-300mm zinahamia bila shida, na ni ile 18-55 tu inayobaki nyumbani. Akinunua 80D, ambayo sensa yake ni ndogo kama ya 1300D, zote tatu zinahama.

Kuna jambo jingine la kujua. Kwenye 1300D ile 50mm inaona kwa ufinyu kama lenzi ya 80mm. Ndiyo maana sebuleni kwa watu alikuwa anarudi nyuma mpaka mgongo unagusa ukuta. Kwenye fulu fremu lenzi hiyo hiyo inafunguka, inaona upana wake halisi. Atakuwa kama kapata lenzi nyingine bila kununua.

Upande wa pili nako kulikuwa na bili

Watu wa Nikon msicheke kwanza. Ule upendo wa 1959 nao ulikuja na bili yake, ikachelewa tu kufika.

Mwaka 2006 Nikon walitoa D40, kamera ndogo ya kuanzia. Ili iwe nyepesi na ya bei nafuu, ile mota ya kwenye bodi wakaitoa. Lenzi za zamani za otofokasi, zile zinazotegemea bisibisi ya kwenye bodi, zinafunga vizuri kabisa lakini otofokasi haipo. Unazungusha kwa mkono. Kamera za familia ya D3000 na D5000 zilizofuata zikarithi tabia hiyo, mpaka D3500 ya mwaka 2018.

Ndiyo maana ukisikia mtu mwenye D3200 analalamika kauziwa 50mm f/1.8D mbovu, mara nyingi lenzi ni nzima kabisa. Bodi yake ndiyo haina mota. Alitakiwa achukue yenye maandishi AF-S. Na hapa kupanda daraja kunageuka neema: akihamia D7100, ambayo mota imo, ile lenzi "mbovu" inafufuka.

2018: Mlango unafunguliwa upya

Mwaka 2018 historia ilijirudia kwa wote wawili kwa mpigo. Dunia ilikuwa imeshahamia kwenye kamera zisizo na kioo ndani, zile miralesi. Panasonic walikuwa wameanza tangu 2008, na Sony wakafuata 2010. Bila kioo, lenzi inaweza kusogea karibu sana na sensa. Nikon wakatoa maunti ya Z, umbali milimita 16. Canon wakatoa RF, umbali milimita 20. Maunti ya F, baada ya karibu miaka 60, ikaachia kiti.

Watu wakashika vichwa: 1987 imerudi!

Haikurudi. Safari hii hesabu ilikuwa upande wa mteja. Umbali mpya ulikuwa mfupi kuliko wa zamani, kwa hiyo nafasi ya adapta ilikuwepo. Kwa Canon ni bomba la milimita 24, tundu tupu katikati, halina kioo chochote, lina waya za kupitisha umeme tu. Na kwa kuwa lenzi za EF tangu siku ya kwanza zilikuwa zinaongea kwa umeme mtupu, zote zinaongea na bodi mpya kama zimezaliwa humo. Hata EF-S inakubali. Bodi ya fulu fremu inakata picha yenyewe na kutumia katikati ya sensa.

Nikon nao walitoa adapta, FTZ. Lenzi za AF-S zinafanya kazi na otofokasi yake. Lakini adapta hiyo haina bisibisi. Zile lenzi za tangu 1986, zilizolindwa kwa uaminifu wote ule, kwenye FTZ zinabaki za kuzungusha kwa mkono.

Hapo ndipo mtu anaelewa uamuzi wa 1987 ulikuwa na uzito gani. Kampuni iliyowaumiza wateja wake mapema ndiyo iliyoweza kuwavusha kirahisi miaka 31 baadaye. Iliyowabembeleza ilijikuta inabeba vyuma vya zamani mpaka mwisho wa safari. Ila usiwape Canon maua haraka, kwa sababu anayefaidi leo si yule aliyelipa 1987. Mwenye 50mm ya kidoti chekundu anavuka bure juu ya mgongo wa mzee aliyebaki na droo.

Droo inafunguka

Kijana alikaa na hesabu zake wiki kadhaa. Mwisho akachukua EOS RP ya mtumba, fulu fremu isiyo na kioo ya mwaka 2019, megapikseli 26.2, pamoja na adapta ya EF. Hakuuza lenzi hata moja. Akifunga 18-55 kamera inakata picha hadi karibu megapikseli 10, inatosha kwa picha za kurusha mtandaoni. Akifunga 50mm anapata sensa nzima, na ukumbini chenga zimepungua mpaka bibi harusi mmoja akauliza kama ameleta taa mpya.

Halafu akarudi studio kwa mzee. Mkononi alikuwa na pete nyingine ya chuma, ya bei ndogo, isiyo na umeme wala kioo. Ni adapta ya FD kwenda RF. FD inataka milimita 42, RF ina 20, tofauti ni 22, na bomba la 22 linatengenezeka. Kile fizikia ilichokataa mwaka 1987, sasa imekubali.

Mzee akatoa lenzi kwenye droo, akafuta vumbi kwa pindo la shati. Ikazunguka. Ikalia tik.

Otofokasi hakuna, uwazi unaweka kwa mkono, fokasi unazungusha mwenyewe. Mzee hakuhitaji kufundishwa. Alimsimamisha kijana mlangoni, akamgeuza uso kidogo upate mwanga wa nje, akazungusha pete kwa vidole viwili kama vile jana alikuwa kazini.

Sasa wadau, kabla hujabandika tangazo la "nauza kamera na lenzi zote", toa lenzi zako moja moja. Angalia alama kwenye shingo yake. Halafu uliza kila moja itafunga wapi kwenye bodi unayoitaka, itaongea nayo kwa nini, na itapoteza nini. Na ukiwa na mzee nyumbani mwenye droo, ifungue na hiyo.

Wewe lenzi yako ya kwanza ni ipi, na bado unayo au uliiuza ukajuta? Dondosha hapo chini.